Maduka ya Visu Yamekufa, na Makali Yamekwenda Nayo

Kila Idi ya kuchinja inapokaribia, hapa Mombasa husikika malalamiko yale yale: mbuzi ni ghali, kondoo wamekonda, wachinjaji ni wachache na kila mtu anamtaka asubuhi ile ile. Sijapata kumsikia mtu akilalamika juu ya kisu. Kisu huonekana ni kitu kidogo, cha kuazimwa kwa jirani dakika ya mwisho. Nami nasema wazi kwamba katika mambo yote hayo kisu ndicho kilichoharibika zaidi, na kilianza kuharibika pale yalipofungwa yale maduka ya zamani ya visu, pamoja na zile katalogi za picha ambazo watu walikuwa wakiagizia kwa posta.

Vijana wataniuliza, duka la visu ni duka gani hilo? Haki yao kuuliza. Kisu cha leo hununuliwa baina ya sabuni na biskuti, kimefungwa ndani ya plastiki, na anayekiuza hajui kama kinakata. Lakini Mombasa ilikuwa na maduka ya vyuma, mengi yakiwa ya Mabohora, ambayo sehemu yake moja ilikuwa ya visu na kazi ya makali tu. Ukiingia, jambo la kwanza ni harufu ya mafuta. Visu vya chuma cha pua cha zamani vilikuwa vikishika kutu upesi kwa huu upepo wetu wa chumvi, basi kila kimoja kilipakwa mafuta na kufungwa katika karatasi ya kahawia. Mwenye duka alikitoa polepole, akakifuta kwa kitambaa, kisha akakuuliza swali ambalo halikosekani: “Wataka kukata nini?”

Swali hilo ndilo duka lenyewe. Huwezi kusema “nataka kisu” halafu ukapewa. Mvuvi alipewa ubapa mwembamba unaopinda, wa kufuata mfupa wa samaki. Mwenye bucha alipewa kisu kipana cha kuchuna na kingine kirefu cha kukatia. Bibi anayesuka mikeka alikuja kutafuta kijembe cha kuchania ukili. Ngariba na kinyozi walikuwa na sanduku lao nyuma ya kaunta, na hao hawakuharakishwa hata duka likijaa. Mgema naye alikuja kwa ajili ya kotama, akauziwa, na wala hatukumwuliza mnazi wake unatoa nini.

Kisu kikishachaguliwa kilijaribiwa mbele yako. Mwenye duka alipiga ubapa kwa ukucha akausikiliza. Alinyoa nywele mbili tatu za mkono wake. Kisha alichukua gazeti la jana, akalishika kwa ncha za vidole na kulipasua kutoka juu hadi chini bila ya kulivuta (Mhariri anisamehe, lakini gazeti halijapata mtihani bora kuliko huo). Kikikwama hata mara moja, kilirudi kwenye kinoo. Hukulipa senti kwa kunolewa.

Nao watoto hawakuuziwa. Sisi husema mtoto akililia wembe mpe, na mimi methali hiyo sijapata kuipenda. Wale wenye maduka hawakuifuata. Mtoto akitumwa kisu aliambiwa, “Nenda kamwite baba yako au mjomba wako.” Mjomba akija aliuliza na kuulizwa, na mtoto akasimama pale akisikia namna watu wazima wanavyozungumza juu ya kitu chenye kuweza kuua. Kisu cha kwanza ulikabidhiwa na mtu, kwa kipini na si kwa ncha, pamoja na maneno ya kutosha kukuchosha masikio.

Kilichokuwa hakipo dukani kilikuwamo katika katalogi. Nakumbuka zile za Uingereza, kubwa kama daftari la karani, kila ukurasa umechorwa visu kwa urefu wake halisi, na chini yake nambari, aina ya kipini na bei. Mwenye duka aliitumia kuagizia bidhaa zake, lakini wateja nao walikuwa wakikaa nayo barazani kama watu wanaosoma kitabu. Aliyekuwa na haraka au ujuzi wa barua aliandika mwenyewe, akatuma hawala ya posta, akangoja.

Na kungoja huko kulikuwa ni kungoja kweli. Mfereji wa Suez ulifungwa Juni 1967 kwa sababu ya vita vya Waarabu na Waisraeli, na haukufunguliwa mpaka Juni 1975. Katika miaka hiyo minane, meli za kutoka Uingereza kuja Kilindini zililazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Mimi niliagiza kisu cha kukunja cha bamba mbili, chenye kipini cha pembe ya kulungu, katikati ya kipindi hicho. Kabla hakijafika nilikuwa nimekwisha kujua kila kitu chake: upana wa bamba, jina la ule msumari unaolishika, na kwa nini springi yake hupakwa mafuta na si maji. Kijana wa leo hubonyeza simu, kisu kikaletwa mlangoni kesho yake, na keshokutwa hajui alikiweka wapi. Simsemi vibaya. Nasema hakupewa nafasi ya kukijua.

Visu hivyo vingi vilitoka Sheffield, mji wa kaskazini ya Uingereza uliosifika kwa visu tangu karne ya 14. Mito yake midogo iliyoteremka kutoka milimani ndiyo iliyozungusha mawe ya kunolea. Mwaka 1624 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuanzisha chama cha mafundi wa visu, na chama hicho kikawa kikiandikisha alama za mafundi. Hapo ndipo penye siri. Kisu kilikuwa na alama yake kwenye shina la bamba, na alama ilikuwa na mwenyewe. Kikivunjika, kinajulikana ni mwana wa nani. Alama ya nyota na msalaba wa Malta iliyotumiwa na kina Joseph Rodgers iliandikishwa tangu 1682, na mwaka 1822 mafundi hao walitengeneza kisu kimoja chenye bamba 1,822, ili kuonyesha tu kwamba wanaweza. Ule msalaba uliwatia wasiwasi baadhi ya wazee wetu waliotafuta kisu cha kuchinjia. Mwenye duka aliwajibu kwamba upo mbali na makali, na wakipenda kinoo kitaufuta. Wengi walinunua.

Lakini nisije nikasifu mpaka nikadanganya. Vile vipini vyeupe vilivyopendeza juu ya meza za mabwana vilikuwa vya pembe za ndovu, na Sheffield ilikuwa mlaji mkubwa wa pembe hizo. Sehemu ya pembe za dunia ilitoka kwetu: zilibebwa mabegani kutoka bara, mara nyingi na watu walioshikwa utumwa, zikapitia Unguja na bandari za mwambao huu huu, zikaenda Ulaya, kisha zikaturudia katika katalogi zikiwa na bei ya shilingi na peni. Na wale walionoa huko Sheffield walikuwa wakivuta vumbi la jawe na chuma siku kutwa, na wengi wao mapafu yaliwaua kabla ya uzee. Kwa hiyo anayetamani visu vya zamani na atamani ujuzi wake, asitamani kila kitu kilichokuja nao.

Ujuzi wenyewe hata huko umekaribia kukatika. Stan Shaw, aliyeingia kazi ya visu vya kukunja mwaka 1941 akiwa na miaka 14, alikuwa miongoni mwa mafundi wa mwisho wa Sheffield waliokitengeneza kisu kizima kwa mikono yao, na alifariki mwaka 2021. Marekani nako, nchi ya katalogi kuliko zote, kampuni ya Sears iliyoanza kuuza kwa katalogi mwaka 1888 iliacha kuchapisha katalogi yake kubwa mwaka 1993. Mtu mmoja wa Arkansas, A. G. Russell, alianza mwaka 1964 kuuza vinoo kwa posta, jiwe la kunolea tu, kabla ya kujulikana kote kwa katalogi zake za visu. Jambo hilo hunipendeza sana. Aliyeanza na kinoo alijua duka la visu huanzia wapi.

Hapa kwetu hakuna aliyeua maduka hayo kwa kusudi. Vizuizi na leseni za kuagiza bidhaa viliyabana kwa miaka mingi. Leseni zilipoondolewa mwaka 1993, bidhaa rahisi ziliingia kwa wingi na wateja wakazifuata. Wenye maduka walizeeka, na watoto wao wakasoma udaktari na uhasibu. Na kisu kisichoshika kutu kilishinda mioyo ya wake zetu jikoni, jambo ambalo silikatai. Chuma hicho pia ni cha Sheffield: Harry Brearley alikipata mwaka 1913 alipokuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki. Kikitengenezwa vizuri ni chuma kizuri. Lakini kile tunacholetewa kwa bei ya chai na mahamri mara nyingi ni laini. Hung’aa mwaka mzima na hukata wiki moja. Kisu cha zamani kilikuwa kikigeuka cheusi ukikatia ndimu au embe bichi, mwenyewe akakiona kibaya, nacho kilikata.

Sasa nirudi kwenye Idi, maana kisu cha jikoni kikiwa butu hasara yake ni nyanya kupondeka. Kisu cha kuchinjia kikiwa butu hasara yake anaibeba mnyama. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufunza katika hadithi iliyopokewa na Shaddad bin Aus, nayo imo katika Sahihi Muslim, kwamba tufanye wema hata katika kuchinja, kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Wanavyuoni wakatuonya pia tusinoe mbele ya macho yake. Je, tunafanya hivyo? Nimekwisha kuona, na si mara moja, kisu kilichonunuliwa jana kikipelekwa mara nne na tano shingoni mwa kondoo, watu wakitazama pembeni. Bismillahi imetajwa, Kibla kimeelekewa, na makali hayapo. Tunajadiliana sana juu ya umri wa mbuzi na pembe iliyovunjika, na ni sawa tujadiliane. Lakini kisu nacho ni katika amri tulizopewa.

Najua nitajibiwa kwamba huu si wakati wa kusifu visu. Miaka ya karibuni Kisauni, Likoni na mitaa mingine imeona vijana wadogo wakitembea na mapanga, wakikata watu kwa ajili ya simu. Kuna mama aliyeniambia kwamba nyumbani kwake amevificha visu vyote, na hata cha kukatia mkate hukiomba yeye mwenyewe. Namwelewa. Lakini nitazame jambo hili kwa upande wangu: vijana hao hawakufunzwa kisu na mtu yeyote. Panga walilipata kama kitu cha kutisha, hawakulijua kama chombo cha kufyekea shamba wala kupasulia dafu. Hakuna mjomba aliyesimama nao mbele ya kaunta, hakuna mtu aliyewauliza wanataka kukata nini. Sidai kwamba duka la visu lingewazuia wote. Nadai kwamba kuvificha visu hakumfunzi mtoto kitu, ila kwamba kisu ni cha mwenye kukipata.

Maduka yale hayatarudi, na katalogi zimebaki kwa wachache wanaozihifadhi makabatini pamoja na nondo. Makali lakini yanaweza kurudi, kwa sababu chuma kizuri bado kipo. Mafundi wa jua kali hufua visu kutokana na springi za malori, na chuma hicho, akikipasha moto na kukizimisha vizuri fundi anayejua kazi, kinashinda vingi vinavyong’aa madukani. Kinataka kupakwa mafuta ya nazi na kufutwa, basi. Jihadharini tu na yule mwenye gurudumu la baiskeli anayerusha cheche kama fataki: cheche zikizidi, ujue makali yanaungua, na kisu kilichoungua hukata siku ile ile ukakisahau.

Na kwa kamati za misikiti yetu nina ombi moja, nalo halina gharama. Siku ya Arafa, baada ya Alasiri, wekeni meza uani. Wekeni kinoo chenye nyuso mbili, wa kukwaruza na wa laini, ndoo ya maji na kitambaa. Mwiteni mzee mmoja wa bucha akae hapo, na kila mwenye kutaka kuchinja kesho yake aje na kisu chake na mwanawe. Gazeti la jana nitaleta mimi.