Msituambie Walikuwa Mashujaa, Tuambieni Nani Aliwatuma

Polisi akiuawa kazini hapa Kenya, taarifa huwa tayari hata kabla mwili haujafika mochari. Wakubwa wanahuzunika. Waziri analaani. Waliofanya kitendo hicho watasakwa popote walipo. Marehemu anaitwa shujaa, bendera inakunjwa, watu wanarudi Nairobi. Hapo ndipo mjane anaanza safari yake: barua ya chifu, karatasi za mirathi, faili ambayo haijafika, njoo wiki ijayo mama.

Mimi shida yangu ni hilo neno shujaa. Shujaa haulizwi alitumwa na nani. Ukishampa mtu jina hilo, kifo chake kinageuka kuwa uamuzi wake mwenyewe, na yule aliyetoa amri anabaki kutoa rambirambi kama jirani tu.

Chukua Baragoi, Novemba 2012. Polisi walitumwa Bonde la Suguta, Samburu, kufuata mifugo iliyoibwa. Wengi walikuwa wametoka chuoni majuzi tu. Walivamiwa wakauawa zaidi ya 40, na miili ikakaa juani siku kadhaa kabla ya kuondolewa. Suguta si mahali papya. Joto lake linajulikana, mawe yake yanajulikana, na wenye bunduki huko wanajua kila kichaka. Nani aliangalia hiyo ramani akasema vijana hawa wanatosha? Miaka miwili baadaye, Kapedo, kwenye mpaka wa Baringo na Turkana, wengine takriban 20 wakaviziwa na kuuawa. Kama kuna mtu alikuwa amejifunza kitu Suguta, hakuwaambia hao.

Na jibu la serikali tunalijua: operesheni. Baada ya Kapedo wanajeshi walipelekwa, wakazi wakakimbia makwao. Kwa hivyo kifo cha polisi kinalipwa pia na mama ambaye hajawahi kushika bunduki. Mtoto wake anakua akijua sare ni kitu cha kukimbiwa. Kesho polisi mwingine, mgeni kabisa, anatumwa kwa huyo mtoto aliyekuwa mkubwa, na hasira anayoikuta hakuipanda yeye.

Najua mtaniuliza: hao makarao? Si ndio hao wa Juni 2024? Ndio, ni hao. Wenzetu walizikwa na sijasahau. Lakini anayemtuma karao atupige risasi bila yeye kujibu lolote ndiye huyo huyo anayemtuma Suguta bila kujibu lolote. Ukifurahia polisi akiuawa, umemfanyia bosi wake kazi ya bure, kwa sababu anachotaka ni tusiulize.

Mwaka 2017 sheria ilipitishwa ya kuunda huduma ya kitaifa ya kuchunguza vifo vya kutatanisha na vya ghafla. Kisha miaka ikapita sheria ikiwa kwenye karatasi tu. Familia ya mwandamanaji na familia ya polisi zinangoja mlango huo mmoja: mtu asiye chini ya polisi achunguze kifo, kisha aseme hadharani.

Kwa kila polisi anayeuawa kazini, tuambiwe nani alitoa amri, walibeba nini, waliomba msaada saa ngapi na ulifika saa ngapi. Na malipo yamfuate mjane nyumbani kwake, si yeye kuyafuata ofisi kwa ofisi hadi nauli iishe.

Mtoto aliyekuwa na miaka mitano babake akienda Suguta sasa ana kitambulisho. Anaweza kupiga kura. Anaweza pia kujipanga kwenye foleni ya kuajiriwa polisi, maana kazi ziko wapi? Kabla hajapewa hiyo sare, aambiwe nani alimtuma babake.