Umeme wa maji tunao, mbona jikoni bado ni kuni?

Mkoa wetu wa Ruvuma unazijua njia mbili za kupata nishati. Moja ni makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, yanayopakiwa kwenye malori kwenda viwandani. Nyingine ni maji. Masista Wabenediktini wa Chipole walijenga mtambo wa Tulila kwenye mto Ruvuma, wenye uwezo wa megawati 5, na mwaka 2015 ukaanza kuiuzia TANESCO umeme. Wakati huo Songea ilitegemea majenereta, hivyo kila uniti ya Tulila iliokoa dizeli. Mwaka huohuo Papa Fransisko alitoa waraka wa Laudato Si'. Masista walikuwa tayari kazini.

Hata hivyo, umeme ukiishia kwenye taa, tumefika nusu ya safari. Seminari na shule nyingi za bweni bado zinapika ugali na maharage kwa kuni. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na Serikali imezitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa.

Wapo wanaouliza: nchi za viwanda ndizo zimechafua hewa, kwa nini mzigo utuangukie sisi? Swali ni la haki, na nchi hizo zinapaswa kulipa. Lakini msitu ukiisha Litembo, wa kwanza kuumia ni mama anayefuata kuni mbali zaidi, na vijito vinavyolisha mito yetu. Wamatengo walilijua hilo zamani: katika ngoro, majani hufukiwa ardhini badala ya kuchomwa, na mashimo yake huzuia mvua isibebe udongo wa mlimani.

Basi Kanisa litangulie. Kila taasisi yetu ipime kuni zake kwa mwezi mmoja, ihesabu gharama pamoja na usafiri, kisha ilinganishe na gesi au umeme. Majaribio ya kupika yaliyofanywa nchini yameonyesha kuwa jiko la umeme la presha huivisha maharage ya familia kwa chini ya uniti moja. Pale ambapo kuni haziepukiki kwa sasa, tujenge majiko banifu na kupanda shamba letu la miti.

Tukihubiri utunzaji wa uumbaji altareni huku moshi ukiwaumiza wapishi wetu, waamini watatazama moshi.