Nasaha za Mwalimu: Vikopo vya Bustanini

Jamaa zangu, wajukuu wamenitia katika mchezo wa kutafuta vikopo vilivyofichwa bustanini, simu ndiyo inayoonyesha njia. Ulianzia Oregon, Marekani, Mei 2000. Ukikipata, waandika jina katika kidaftari kilichomo, wakirudisha pale pale. Mzuri, ila una adabu zake. Bustani ina wenyewe: ombeni ruhusa kabla ya kuficha. Msichimbe. Msitie chakula, panya na mbweha hawapigi hodi. Na kikopo kiandikwe nje ni cha nini. Mwaka 2011, Wetherby, Uingereza, kimoja kilidhaniwa bomu, wanajeshi wakakilipua. Sasa sisi, na kanzu zetu, tukionekana tunapapasa kichakani! Mtu akiuliza, msikimbie wala msinune: msalimuni, mwonyesheni simu, mwelezeni.