Hadubini Itangulie Kisu

Katika vita dhidi ya ujinga, umaskini na maradhi, ambavyo Taifa lilivitangaza tangu lilipojitawala, imezoeleka kuyapima maradhi kwa wingi wa watu wanaoyaugua. Kipimo hicho ni cha haki, kwani fedha za umma hazitoshi kila haja. Lakini yapo maradhi yenye wagonjwa wachache mno ambayo hata hivyo huonyesha wazi kama huduma za afya zimesimama imara au zinachechemea. Mojawapo ni uvimbe wa titi unaoletwa na saratani ya damu.

Wananchi wengi wanaposikia kwamba mwanamke ana uvimbe katika titi hufikiri jambo moja tu: ni saratani ya titi, na tiba yake ni kukatwa. Ukweli ni mpana zaidi. Kwa wasichana, uvimbe mwingi wa matiti si saratani kabisa. Kwa mama anayenyonyesha huweza kuwa jipu. Na mara chache sana uvimbe huo huwa ni seli za saratani zilizotoka katika uboho au katika tezi za limfu, zikapiga kambi katika titi.

Jambo hili si geni katika elimu ya tiba. Mwaka 1811 Allan Burns, daktari wa Uskoti, aliandika habari za uvimbe wenye rangi ya kijani, ambao baadaye ulifahamika kuwa ni ndugu wa saratani ya damu iitwayo lukemia. Uvimbe wa namna hiyo huweza kuota mahali pengi mwilini, titi likiwamo. Pengine humtokea mgonjwa ambaye lukemia yake ilikwisha kutulizwa, ukawa ndio ishara ya kwanza kwamba maradhi yamerejea. Pengine hutangulia kwa miezi kadhaa kabla damu yenyewe haijaonyesha kasoro yoyote.

Afrika Mashariki nayo ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alitangaza habari za saratani iliyokuwa ikivimbisha mataya ya watoto. Ni saratani ya tezi za limfu, nayo huhesabiwa miongoni mwa saratani za damu. Ilidhihirika pia kwamba huweza kuwapata wanawake wajawazito na wanaonyonyesha, matiti yote mawili yakavimba upesi kupita kiasi. Seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu. Hata hivyo, ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa vizuri sana.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Maradhi ya namna hii yamo katika mwili mzima, na tiba yake ni dawa zinazosambazwa na damu. Kukata titi hakumponyi mgonjwa. Mama aliyekatwa titi kabla ya kipande cha nyama kuchunguzwa kwa hadubini amepoteza kiungo bure, na amepoteza majuma ambayo dawa ingeweza kumwokoa. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Wakasema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Kisu kikitumiwa kwa haraka na majibu ya maabara yakicheleweshwa, mgonjwa mmoja huumizwa na makosa yote mawili.

Watakuwapo watakaouliza: kwa nini fedha zitumike kwa maradhi adimu, hali malaria na kifua kikuu bado vinaua? Jibu lake ni kwamba hakuna anayedai maabara ya maradhi adimu. Maabara ile ile inayotambua uvimbe huu ndiyo inayotambua saratani ya titi ya kawaida, saratani ya shingo ya kizazi, na uvimbe usio na madhara. Anayeijenga kwa ajili ya wengi atakuwa amewaokoa na wachache.

Basi kila mmoja ana wajibu wake. Watumishi wanaopanga makadirio ya halmashauri wasiihesabu formalini, vyombo vya kuwekea vipande vya nyama na usafiri wa kuvipeleka maabara kuwa ni mambo madogo ya kufutwa fedha zikipungua. Wakuu wa idara wasicheleweshe ruhusa ya mtumishi aliyepewa rufaa. Walimu, ambao neno lao husikilizwa vijijini, wawafundishe wanawake kwenda hospitali mapema, na wawaeleze kwamba mgonjwa ana haki ya kuuliza: je, uvimbe huu umechunguzwa, na majibu yamesema nini?

Nao wanaoshika kisu wakumbuke kumwuliza mgonjwa kama aliwahi kuugua saratani ya damu, na kumpima damu, wakijua kwamba damu iliyoonekana safi haitoshi kuondoa shaka. Heshima ya huduma za afya haipimwi kwa idadi ya waliopasuliwa, bali kwa idadi ya waliotibiwa ugonjwa walio nao.