Springi za Gari la Marehemu

Mama mmoja wa Shauri Moyo atuuliza: wanawe wataka kulitia Peugeot 504 la marehemu baba yao springi ngumu, liinuke, wamlete nyanya yao Mombasa. Gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na sifa yake ni springi laini zinazomeza mashimo. Springi ngumu humpa abiria kila tuta mgongoni. (Kuinuka humfurahisha anayelitazama, si aliyemo.)

Tungeanza na bushi zilizolika, kisha shokamzoba mpya, mbili mbili, mbele na nyuma. Iliyochoka huliacha gurudumu likirukaruka, na gari likachelewa kusimama. Za mitumba tusingezinunua kwa bei yoyote, kwani uchovu wake hauonekani kwa macho. Springi zibadilishwe zikiwa zimelala tu, kwa za kimo kile kile.