Ameiona Jeju Kabla ya Lamu

Dada yangu aliolewa Ndera, ukingoni mwa Mto Tana, ukitoka Garsen kuelekea juu. Huko ndiko alikozaa, na bintiye wa tatu sasa yuko chuo kikuu. Muhula huu binti huyo yumo Korea Kusini kwa mpango wa mabadilishano ya wanafunzi: wao wamemchukua wetu, nasi tumemchukua wao. Mwezi uliopita chuo kilichompokea kiliwapeleka wanafunzi wageni safari ya siku tatu katika kisiwa cha Jeju. Akaniletea picha kwa simu, nyingi mno, na chini yake akaandika: "Shikamoo Mjomba. Leo tumeamka usiku, tukapanda mlima wenye shimo kubwa kileleni, tukaliona jua likitoka baharini. Mjomba, nataka kukuuliza. Lamu ni mbali na kwetu kuliko huku? Mbona sijafika?"

Sikumjibu siku ile. Kutoka Garsen hadi gati la Mokowe ni zaidi kidogo ya kilomita 100, na siku hizi njia ni lami. Kutoka Garsen hadi Jeju ni kama kilomita 10,000. Msichana wa Ndera amekwenda mara mia ya mwendo ule ili akione kisiwa, na kisiwa kilicho mlangoni mwake anakijua kwa picha, kama anavyokijua mtalii aliye Ulaya.

Kwanza nisimnyime Jeju sifa yake. Ni kisiwa kilichozaliwa na moto wa ardhini; katikati yake pana mlima Halla wenye urefu wa karibu mita 1,950, na chini ya ardhi mna mapango marefu yaliyochimbwa na uji wa moto ulipokuwa ukipita. UNESCO ilikiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2007. Kuna wanawake wapiga mbizi, wengi wao sasa ni bibi wazee, wanaozama baharini bila ya chupa ya hewa kutafuta makome na viumbe wengine wa baharini, na wakiibuka hupumua kwa mluzi. Mpwa wangu aliniandikia kwamba mluzi ule ulimtoa machozi naye hakujua kwa nini. Mimi nilidhani najua, kwa kuwa nimewaona akina mama wetu wakirudi kutafuta pweza maji yalipotoka, wameinama na vijiti vyao.

Lakini jambo lililonishughulisha halikuwa mlima wala mapango. Wakorea wamelifanya jambo la kumchukua mwanafunzi kwenda kuona nchi yake kuwa sehemu ya kusoma kwenyewe. Mtoto wa sekondari huenda safari hiyo pamoja na darasa lake, na kwa vizazi kadhaa Jeju imekuwa ndiyo kibla cha safari hizo. Na hawaonyeshwi mawe na maua peke yake. Kisiwa hicho kilipata msiba mkubwa kuanzia tarehe 3 Aprili 1948, raia wakauawa kwa maelfu, na wanaohesabu husema kati ya 14,000 na 30,000, wengi wao kwa mikono ya askari na polisi wa serikali. Kwa miaka mingi kulitaja jambo hilo kulikuwa hatari. Mwaka 2003 Rais Roh Moo-hyun aliomba radhi kwa niaba ya dola, na mwaka 2008 ikafunguliwa bustani ya kumbukumbu. Mpwa wangu alipelekwa huko pia. Picha ya huko alileta moja tu, ya ukuta wa majina.

Yuko msomaji atakayeniuliza: na ile meli? Waama, naikumbuka. Tarehe 16 Aprili 2014 meli ya Sewol ilizama ikienda Jeju. Walikufa watu 304, na 250 kati yao walikuwa wanafunzi wa shule moja, Danwon, waliokuwa katika safari hii hii ninayoisifu. Waliambiwa watulie vyumbani wasitoke, wakatii, nahodha akatoka. Sisi watu wa Pwani hatuhitaji kufasiriwa habari kama hiyo. Tuna Mtongwe ya Aprili 1994, watu 272. Tuna Spice Islander ya 2011 katika maji ya Zanzibari. Baada ya Sewol safari za shule zilisimamishwa nchini kote, wazazi wakalia, nahodha akafungwa, sheria zikakazwa. Kisha safari zikarejea. Wengi sasa huenda kwa ndege. Hawakusema kwamba kwa kuwa watoto walikufa njiani basi watoto wasiijue nchi yao tena.

Sasa turudi Tana. Nilipokuwa mtoto wa chuo, miaka ya mwanzo ya 1980, maalim wetu wa Malindi alitupakia katika basi kutupeleka Lamu kwa Maulidi. Garsen tulishuka, basi likaingizwa katika kivuko, na kivuko kikavutwa kwa kamba na mikono ya watu huku wakiitikiana. Kwenye ukingo wa pili walikuwako watoto wa Kipokomo wakiuza maembe. Maalim akawauliza wawili watatu kama wanasoma, wakasema ndiyo, akawauliza kama wanakwenda Maulidi, wakacheka. Mmoja akasema amu yake yuko Riyadha. Msikiti huo wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh, mtu wa asili ya Ngazija, ulifungua mlango kwa wanafunzi ambao waungwana wa mji hawakuwa wakiwatazama, wakiwamo watu wa kutoka Tana. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari yetu ya shule, kabla wizara haijaijua. Usiku tulilala barazani, mchana tukatazama mashindano ya punda na ya majahazi, na baina ya hayo tukasoma. Mimi shairi langu la kwanza lilizaliwa katika safari ile, nalo lilikuwa baya sana.

Hata hivyo ujamaa wa mto na kisiwa haukuanza na Maulidi. Tana inamwaga maji yake Kipini, na mpunga na ndizi za mtoni zilikuwa chakula cha visiwani. Mfereji wa Belezoni, uliochimbwa katika karne ya 19 kuuunganisha mto huu na ule wa Ozi, ulichimbwa kwa ajili ya biashara hiyo. Fumo Liyongo, ambaye kila mshairi wa Kiswahili anamdai kuwa babu yake, kaburi lake huonyeshwa Ozi, na Wapokomo nao wana visa vyao juu yake ambavyo sisi wa mjini hatukuviuliza. Na wimbo wa taifa unaoimbwa kila bendera ipandapo, kutoka Vanga hadi Turkana, sauti yake ilitolewa katika bembelezi ya mama wa Kipokomo. Mtoto wa Lamu anaisimamia wima sauti hiyo bila ya kujua kwamba iliotoka huko ni mwendo wa saa chache kutoka kwao.

Basi ni nini kilichoifunga njia? Watu husema umaskini, na ni kweli. Mkulima ambaye mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yaliichukua migomba yake hawezi kuombwa nauli ya matembezi. Lakini fedha si kisa kizima. Mwaka 2012 Delta ya Tana iliwaka. Riketa mwezi wa Agosti, Kilelengwani Septemba, Kipao Desemba. Waorma na Wapokomo waliuana, hata wanawake na watoto hawakusazwa, na Riketa peke yake walizikwa zaidi ya watu 50. Sitaandika hapa nani alianza, maana kila upande una hesabu yake na kila hesabu ina maiti. Haukupita muda ikaja Mpeketoni, Juni 2014, watu zaidi ya 60 katika siku mbili. Tarehe 2 Januari 2020 mabasi yalishambuliwa Nyongoro, katika barabara hiyo hiyo ya Lamu. Magari yakawa yanakwenda kwa msafara, askari mbele na nyuma. Mama gani wa Ndera atatia sahihi karatasi ya mwalimu baada ya kusikia hayo? Dada yangu hakutia. Bintiye alipokuwa darasa la saba ililetwa karatasi kama hiyo, akairudisha. Nami nilipoulizwa nilimwambia amefanya vyema.

Kwa hiyo swali la mpwa wangu lilikuwa na jibu, na jibu lenyewe ni mjomba wake.

Nimelifikiri sana tangu hapo, na nililoliona ni hili. Mipango ya kubadilishana wanafunzi haikubuniwa na watu waliokuwa wakiishi kwa raha. Ilibuniwa na watu waliotoka kuzika. Shirika la AFS, mojawapo ya yaliyo makubwa katika kazi hiyo, lilianzishwa na madereva wa magari ya wagonjwa waliokuwa wakiokota majeruhi katika vita vikuu. Mwaka 1947, moshi haujatulia, wakaanza kuwapokea vijana wa sekondari wa nchi za nje. Ufaransa na Ujerumani zilipigana mara tatu katika miaka 70, na mwaka 1963 zikatia sahihi mkataba, zikaunda ofisi ya pamoja ya kazi moja tu: kuwapeleka vijana wa huku kule na wa kule huku. Wamarekani nao, baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, walianzisha mpango wa YES kwa vijana wa nchi zenye Waislamu wengi, na wako watoto wa Pwani yetu waliokwenda kukaa mwaka mzima katika nyumba za watu huko. Hatari haikuwa sababu ya kuwazuia watoto. Hatari ndiyo iliyokuwa sababu ya kuwatuma.

Sisi tumepokea mipango hiyo kama zawadi ya ng'ambo, tukafurahi mtoto akipanda ndege, wala hatukujiuliza zana hii ilitengenezwa kwa kazi gani. Kijana wa Ndera anaweza kulala katika nyumba ya Mkorea, akala kabichi yao yenye pilipili, akajifunza kuinama akisalimu wazee. Sijasikia mpango wa kumlaza wiki moja katika manyatta ya Muorma ng'ambo ya mto, wala wa kumleta kijana wa Kiorma akalale Ndera. Wa Lamu na wa Tana wanajuana kwa taarifa za habari, na taarifa za habari huja pale tu mtu anapokufa.

Wala Ndera si pahala pa kuombea wageni huruma. Katika misitu ile ya ukingoni wamo mbega wekundu wa Tana na kima wale wenye kishungi kichwani, aina mbili ambazo hazipatikani popote pengine duniani ila katika vipande hivyo vya msitu. Hifadhi yao ilitangazwa mwaka 1976, na wataalamu wa mbali wamepiga kambi Mchelelo kuwatazama. Mtoto wa Amu angeweza kuletwa akawaona, akamwona na fundi akichonga mtumbwi kwa gogo moja, akarudi kwao kwa mashua za mbao zilizoungwa akiwa na la kulinganisha. Mtaala wa umilisi, ulioenezwa shuleni tangu 2019, unataka mwanafunzi ajifunze kwa kuona na kutenda. Nami nauliza aone nini, ikiwa kisiwa na mto vimefichana?

Najua serikali mbili za kaunti, ya Hola na ya Lamu, zina madeni na mambo mengi. Najua elimu ya shule ni kazi ya serikali kuu, na kwamba kila mmoja atamwonyesha mwenziwe. Lakini basi moja la mchana, likiondoka alfajiri na kufika Mokowe kabla ya adhuhuri, kwa idhini ya wakuu wa usalama waijuao njia siku ile, si mzigo wa kulivunja taifa. Na wenyeji wa kuwalaza watoto wapo. Lamu wakati wa Maulidi hulaza umma mzima bila ya kuuliza risiti.

Juma lililopita nilimjibu binti. Nikamwambia Lamu si mbali, na kwamba karatasi ile ya darasa la saba mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema irudishwe. Akanyamaza siku mbili, kisha akauliza Maulidi ya mwaka ujao yataangukia mwezi gani. Nikahesabu, nikampa. Jana dada yangu akanipigia simu kutoka Ndera. Hakutaja Korea wala Jeju. Aliuliza gari la watu kumi na wanne hukodiwa kwa kiasi gani kutoka Garsen, kwa kuwa jirani zake wamesikia, na wana watoto. Na mmoja wao, alisema kwa sauti ya chini kidogo, ni mama wa Kiorma wa ng'ambo anayemuuzia maziwa, naye ana mvulana wa miaka kumi na mitatu. Nimempa namba ya mwenye gari. Anataka arubuni.