Mcheza Kwao Hutuzwa: Utetezi wa Santuri Iliyonaswa Klabuni

Wako miongoni mwetu walimu na wasomi waheshimiwa wanaofundisha kwamba muziki una nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ni ukumbi mkubwa ambamo wasikilizaji huketi kimya, mikono magotini, na hata kukohoa ni aibu. Humo, wanasema, ndimo ilimo sanaa. Nyumba ya pili ni klabu, ambamo watu hunywa, hucheka, hupiga makofi na kumwita mpigaji kwa jina; humo, wanasema, hamna ila uhuni. Sisi tunayapinga mafundisho hayo. Tunayapinga kwa sababu si kweli, na kwa sababu yametupotezea sehemu ya urithi wetu.

Ushahidi wetu wa kwanza hatutautoa hapa nyumbani, tusije tukaambiwa kwamba tunajipendelea. Twendeni Newark, mji wa viwanda ulio karibu na New York, katika jimbo la New Jersey huko Marekani. Mwezi Juni 1963, katika klabu iliyoitwa Front Room, mpiga kinanda Jack McDuff alipiga muziki wa jazi pamoja na kundi lake la watu wanne: yeye mwenyewe kwenye kinanda cha umeme, Red Holloway kwenye saksafoni, George Benson kwenye gitaa, na Joe Dukes kwenye ngoma. Mashine za kunasa sauti ziliwekwa humo humo klabuni, mbele ya watu waliokuja kustarehe baada ya kazi. Kampuni ya Prestige ikaitoa santuri hiyo kwa jina la Brother Jack McDuff Live! Brother maana yake ni Ndugu, na kwa jina hilo la Ndugu ndivyo alivyojulikana mpaka alipofariki mwaka 2001.

Mwalimu mmoja tuliyemwekea santuri hiyo aliisikiliza kwa dakika chache, kisha akasema: “Muziki si mbaya, lakini mbona hawakuziondoa kelele za watu?” Swali hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Kwake yeye, sauti za wasikilizaji zilikuwa takataka zilizoangukia katika chakula. Kwetu sisi, zilikuwa chumvi yake.

Usikilize wimbo wa “Rock Candy” uliomo humo. Kundi linashika kipande kifupi cha sauti na kukirudia, ngoma inasukuma, gitaa linachomoka kwa zamu yake, saksafoni inafuata, na kila mara mpigaji anapopanda daraja moja, watu nao wanapanda naye. Wanapaza sauti, naye anawajibu. Anaposikia kwamba wamemwelewa, anathubutu zaidi. Je, huko siko kuitana na kuitikiana tunakokujua sisi katika ngoma zetu, ambamo manju huanza na umma ukapokea? Manju asiye na wa kumpokea ataimba beti mbili akanyamaza. Basi mtu anayetaka kuondoa sauti za umma katika santuri ile anataka kuondoa nusu ya wimbo, kisha ausifu kwa usafi wake.

Wanaoitukuza nyumba ya kwanza na kuidharau ya pili wangefaa pia kujua historia ya chombo chenyewe. Kinanda hicho kilibuniwa Chicago na Laurens Hammond, mtengenezaji wa saa ambaye hakuwa mwanamuziki, na kilianza kuuzwa mwaka 1935. Ndani yake mna magurudumu madogo ya chuma yanayozunguka karibu na sumaku na kuzaa sauti kwa nguvu ya umeme. Kilitangazwa hasa kwa makanisa ambayo hayakuwa na uwezo wa kununua kinanda kikubwa cha mabomba. Waheshimiwa wa wakati ule walikasirika. Mwaka 1936 shauri lilifikishwa mbele ya tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara, ikidaiwa kwamba chombo hicho hakistahili kulinganishwa na kinanda halisi. Mwaka uliofuata yalifanyika majaribio mjini Chicago, na wasikilizaji, wakiwamo wanamuziki stadi, walikosea mara nyingi walipotakiwa kusema ni kinanda kipi kinacholia. Dharau ilikuwa imetangulia masikio.

Chombo hicho kikaingia katika makanisa ya Wamarekani Weusi, na kutoka kanisani kikaingia klabuni. Mwaka 1956 Jimmy Smith alinaswa akikipiga katika klabu ya Baby Grand mjini Wilmington, na tangu hapo vijana wengi wakakifuata. Sababu nyingine ilikuwa ya uchumi. Mpiga kinanda hodari huishika besi kwa mkono wa kushoto na kwa miguu, huku mkono wa kulia ukiimba; kwa hiyo mwenye klabu ndogo hakulazimika kumlipa mpiga besi. Umaskini wa ukumbi ukazaa sauti mpya. McDuff mwenyewe alikuwa ameanza kama mpiga besi. Na katika santuri tunayoizungumzia umo wimbo uitwao “Sanctified Samba”, yaani samba iliyotakaswa. Jina hilo peke yake linatosha kuwajibu wale wanaojenga ukuta kati ya ibada na dansi: wenye muziki wao hawakuujua ukuta huo.

Tunaambiwa tena kwamba klabu haifundishi kitu. Tutazame basi. Usiku ule wa Front Room, George Benson alikuwa kijana wa miaka 20. Alikuwa amesimama kati ya watu waliomzidi umri na ujuzi, mbele ya hadhira isiyokuwa na subira na mtu anayepoteza wakati wake. Kama huo si mtihani, mtihani ni nini? Mwaka 1976 kijana huyo alitoa santuri ya Breezin', iliyomfanya ajulikane dunia nzima. Mwezi Desemba 1964, katika klabu ile ile ya Front Room, mwanamke Shirley Scott alinasa santuri ya Queen of the Organ akiwa na kundi lake la watu wanne: Stanley Turrentine kwenye saksafoni, Bob Cranshaw kwenye besi na Otis Finch kwenye ngoma. Baadaye katika maisha yake mama huyo alifundisha muziki katika Chuo Kikuu cha Cheyney, Pennsylvania. Mikono iliyopiga klabuni ndiyo iliyoshika chaki chuoni. Zile nyumba mbili, kumbe, mwenyeji wake ni mmoja.

Wengine watauliza: Newark yatuhusu nini? Yatuhusu. Mwaka ule ule wa 1963, mshairi mzaliwa wa Newark, aliyejulikana baadaye kwa jina la Amiri Baraka, alichapisha kitabu cha Blues People, akieleza kwamba muziki wa Wamarekani Weusi ni historia yao iliyoandikwa kwa sauti. Yeye na wenzake mjini humo walijifunza maneno ya Kiswahili na kuyatumia katika harakati zao. Yeye mwenyewe aliitwa Imamu. Mwezi Juni 1974 alifika Dar es Salaam kuhudhuria Mkutano wa Sita wa Umoja wa Waafrika. Watu wa mji ule walitafuta lugha yetu ili wajitambue. Nasi tukisikiliza muziki wao kwa makini, tunarudisha heshima tuliyopewa.

Yapo na makubwa zaidi. Mwezi Julai 1967 ghasia zilizuka Newark kutokana na ukatili wa polisi na ubaguzi wa rangi, na watu 26 walikufa. Baada ya hapo dunia iliujua mji huo kwa picha za moto na askari. Lakini katika santuri ya 1963 wamo watu wa klabu ile wakicheka, wakishangilia, wakimhimiza mpigaji aendelee. Hakuna hati ya mahakama wala taarifa ya gazeti inayoweza kutupa sauti ile. Imehifadhiwa na mashine iliyowekwa klabuni, katika nyumba ile tunayoambiwa kwamba hamna kitu.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo panapouma. Sisi pia tulikuwa na bendi zilizojiita Jazz: Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, na NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964. Neno walilichukua kwa wenzao wa ng'ambo, lakini dansi walilipiga kwa namna yao. Nyimbo nyingi za bendi hizo zilinaswa katika studio za iliyokuwa Redio Tanzania Dar es Salaam, na mafundi wa redio wanastahili shukrani ya taifa, kwani bila wao tungekuwa mikono mitupu. Hata hivyo, ndani ya studio hamkuwamo wachezaji. Hamkuwamo vijana wa Arnautoglo, wala mafundi cherehani, makuli na makarani waliojazana kumbini siku ya Jumamosi. Gitaa la Mbaraka Mwinshehe tunalisikia. Lakini ule mshindo wa umma uliokuwa ukilipokea gitaa hilo ukumbini, ni wangapi waliowahi kuunasa? Mbaraka alifariki mwaka 1979, na waliocheza mbele yake wanapungua kila mwaka. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Sisi tumemhifadhi mchezaji, tukawasahau waliomtuza.

Hatusemi kwamba wanafunzi wapelekwe katika klabu za pombe. La hasha! Ulevi ni adui wa mwanafunzi, na mzazi anayemzuia mwanawe ana haki. Wala hatusemi kwamba kila sauti iliyonaswa ukumbini ni nzuri. Ziko santuri za namna hiyo zilizojaa majivuno na nyimbo zisizokwisha. Tunachosema ni kwamba mahali si hoja. Mwenye kuhukumu kazi ya sanaa na aisikilize kazi, asihukumu mlango wa nyumba ilimopigiwa. Na asikose kujiuliza ni nani aliyemfundisha kwamba kimya ndicho adabu pekee ya kusikiliza. Babu zetu hawakumfundisha hivyo.

Mwezi Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni, alisikitika kwamba tulifundishwa kuzijua ngoma za wageni na kuzidharau zetu. Lakini pia alionya dhidi ya taifa kukataa kujifunza kwa wengine. Tukiyashika maonyo yote mawili, kazi iliyo mbele yetu ni wazi. Mwalimu wa muziki na awawekee wanafunzi wake santuri ya Front Room, awaulize: ni wapi umma unamwongoza mpigaji, na ni wapi mpigaji anauongoza umma? Kisha awatume vijijini mwao na mitaani mwao, wakanase sauti za ngoma, za taarab, za dansi, mahali pale pale zinapochezwa, pamoja na vigelegele, vicheko na watoto wanaolia. Siku hizi chombo cha kunasia sauti kimo mfukoni mwa mtu. Udhuru wa kukosa mashine umekwisha. Ukibaki udhuru, utakuwa wa dharau tu, na huo hatutaukubali.